Jina Limebadilika, Kisa Bado: Wahusika Wenye Ulemavu katika Historia ya Vitabu vya Picha vya Watoto

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya wahusika wenye ulemavu katika vitabu vya picha vya watoto, kuanzia Ulaya ya karne ya 17 hadi hadithi za Kiswahili zinazosomwa leo Afrika Mashariki. Inaonesha kwamba historia hiyo imerithisha miisho miwili inayojirudia: mhusika huponywa, au hulazimika kuwa shujaa ndipo akubalike. Kwa upande wake, Kiswahili kimefanya mageuzi makubwa ya majina, kutoka kilema hadi mtu mwenye ulemavu. Hoja kuu ni kwamba mageuzi ya majina yametangulia mageuzi ya usimulizi. Kwa hiyo, vyombo vinavyotoa ithibati ya vitabu vya shule vinapaswa kupima nafasi ya mhusika katika msuko na katika picha, pamoja na jina analoitwa.

Istilahi za msingi: ulemavu, kitabu cha picha, msuko, ngeli, ithibati ya vitabu

1.0 Utangulizi

Mtoto anayeanza kusoma husoma picha kabla ya neno. Kabla hajaweza kutamka silabi za ukurasa, ameshaona nani amesimama katikati, nani ameketi pembeni, na nani hayupo kabisa. Kitabu cha picha basi ni miongoni mwa mahali pa awali ambapo jamii humfundisha mtoto, bila kuhubiri, mwili upi uhesabiwe kuwa wa kawaida. Rudine Sims Bishop (1990) alivifananisha vitabu vya watoto na kioo ambamo msomaji hujiona, dirisha ambalo humwonesha wengine, na mlango wa kuingilia katika maisha yao. Kwa mtoto mwenye ulemavu, kuwamo katika kioo ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kazi anayopewa humo.

Katika ukanda huu jambo hilo lina uzito wa kisera. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unazitaka nchi wanachama, katika ibara ya 8, kupiga vita dhana potofu na kujenga heshima kwa watoto wote tangu umri mdogo kupitia mfumo wa elimu. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zote zimeuridhia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka huohuo wa 2010. Hata hivyo, sheria huweza kuagiza mtu aitweje. Haiwezi kwa urahisi kuagiza hadithi yake iishe vipi. Makala hii inalichunguza pengo lililopo baina ya jina na kisa.

2.0 Urithi wa Ulaya: kutoka orodha ya maajabu hadi muujiza wa kupona

Kitabu cha Orbis Sensualium Pictus cha Johannes Amos Comenius, kilichotoka mwaka 1658, hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa kitabu cha picha kwa watoto katika Ulaya. Comenius alikusudia kuufundisha ulimwengu wote kwa picha zilizowekewa maelezo: mbingu, mimea, wanyama, ufundi, na mwanadamu. Miongoni mwa kurasa zinazomhusu mwanadamu umo mmoja wa watu wenye maumbo yasiyo ya kawaida. Jitu na mbilikimo wamewekwa pamoja na mtu mwenye vichwa viwili. Kisha wanafuata wenye kibyongo, wenye miguu iliyopinda, na hata wenye upara. Hakuna hadithi katika ukurasa huo. Watu hao hawafanyi lolote. Wamepangwa ili watazamwe. Mtoto aliyefundishwa kwa kitabu hicho alijifunza jina la fundi kwa kazi yake, na jina la mwenye kibyongo kwa mgongo wake.

Karne ya 19 iliwatoa watu hao katika orodha na kuwaingiza katika msuko, lakini kwa masharti. Katika Heidi ya Johanna Spyri, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1880 na 1881, msichana Clara anaishi katika kiti cha magurudumu mjini Frankfurt. Katika sehemu ya pili anapelekwa mlimani, kiti kinaharibiwa, na hewa safi, maziwa na urafiki vinamwezesha kutembea. Katika The Secret Garden ya Frances Hodgson Burnett (1911), Colin naye anainuka kutoka katika kiti chake ndani ya bustani. Lois Keith (2001), aliyechunguza riwaya za namna hii zilizosomwa zaidi na wasichana, anaonesha kwamba mhusika mwenye ulemavu alikuwa na njia mbili za kufikia ukurasa wa mwisho: kupona au kufa. Kubaki kama alivyo, akaendelea kuishi, hakukuwamo katika hesabu. David Mitchell na Sharon Snyder (2000) wanalieleza jambo hilo kwa upana zaidi: usimulizi huuegemea ulemavu kama mkongojo ili kisa kianze, kisha huutupa ili kisa kiishe.

Njia ya tatu ilikuwa uovu. Nayo iliwafikia wasomaji wa Kiswahili mapema kupitia tafsiri. Katika Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, hofu huletwa na mtu kipofu aitwaye Pew, na hadaa huletwa na Long John Silver mwenye mguu mmoja. Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya maeneo ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, aliifasiri riwaya hiyo kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Hicho hakikuwa kitabu cha picha kwa watoto wadogo, lakini kilikuwa sehemu ya maktaba ndogo ya usomaji iliyojengwa kwa ajili ya shule za kikoloni. Kiswahili sanifu kilipokuwa kikiundwa, mifano ya hadithi za kusoma iliundwa pia. Katika mfano huo mmoja, mwili wenye kasoro ulikuwa alama ya hatari.

3.0 Mwaka 1981 na kuzaliwa kwa vigezo

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huo UNESCO ilichapisha utafiti wa Tordis Ørjasæter wa Norwei kuhusu nafasi ya vitabu vya watoto katika kuwaingiza watoto wenye ulemavu katika maisha ya kila siku. Kazi hiyo ilizaa taasisi. Mwaka 1985 kituo cha nyaraka cha vitabu vya aina hiyo kilianzishwa Oslo chini ya Bodi ya Kimataifa ya Vitabu vya Vijana (IBBY). Mkusanyiko wake ulihamia Toronto, Kanada, mwaka 2014. IBBY huteua vitabu bora kutoka nchi mbalimbali kila baada ya miaka miwili.

Jambo la kuzingatia katika uteuzi huo ni mgawanyo wake. Kundi moja ni la vitabu vinavyomwonesha mhusika mwenye ulemavu. Kundi jingine ni la vitabu ambavyo mtoto mwenye ulemavu anaweza kuvisoma: vya nukta nundu, vya lugha ya alama, vya picha za kupapasa. Mgawanyo huo unakumbusha kwamba kitabu kinaweza kumsifu mtoto asiyeona katika kila ukurasa, na bado kikawa kitabu asichoweza kukisoma.

4.0 Kijiji kinachobadilika: Sosu wa Meshack Asare

Mwandishi na mchoraji wa Ghana, Meshack Asare, alitoa Sosu's Call mwaka 1997. Kitabu hicho kilipata tuzo ya UNESCO ya fasihi ya watoto inayokuza uvumilivu mwaka 1999. Mwaka 2002 kiliingia katika orodha ya vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20, tena katika 12 vya juu, pamoja na riwaya za Chinua Achebe na Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa kitabu cha picha cha watoto, hilo lilikuwa jambo la pekee.

Sosu ni mvulana asiyeweza kutembea, anayeishi kijijini kati ya bahari na wangwa. Baba yake anapomchukua katika mtumbwi, watu wanamwonya asimtoe nje, kwa kuwa wanaamini mtoto wa namna hiyo huleta nuksi. Sosu anabaki nyumbani na mbwa wake. Siku moja wakati watu wazima wako kazini, dhoruba inaleta maji kijijini. Sosu anajikokota hadi penye ngoma na kuipiga mpaka watu wanarudi na kuwaokoa waliobaki. Baada ya hapo anapata kiti cha magurudumu, naye anakwenda shule.

Kisa hiki kinastahili kusomwa kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, kinavunja desturi ya Spyri na Burnett. Miguu ya Sosu haiponi, na hakuna anayetaka iponywe ili kisa kikamilike. Kinachobadilika ni kijiji. Wakati Clara anakiacha kiti ili awe huru, Sosu anakipata kiti ili awe huru. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kuutazama ulemavu kama kasoro ya mwili na kuutazama kama kizuizi kilichojengwa na jamii.

Kwa upande mwingine, kukubaliwa kwa Sosu kuna bei. Haki yake ya kwenda shule inakuja baada ya kuokoa kijiji kizima. Mtoto msomaji anaweza kuuliza swali gumu: je, kama dhoruba isingekuja? Watoto wengine wa kijiji hawakuhitaji kuokoa mtu yeyote ili wapelekwe shule. Huu ndio mwisho wa pili ambao fasihi ya watoto imeurithisha, mwisho wa shujaa, na ubora wa Asare haupaswi kuwazuia wahakiki kuuona.

5.0 Kiswahili na safari ya majina

Wakati usimulizi ukisogea polepole, Kiswahili kilisogea kwa kasi. Majina ya kale ya ulemavu mengi yamo katika ngeli ya KI-VI: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Neno kilema lina mzigo zaidi, kwa kuwa lilitaja kasoro na pia mtu mwenye kasoro hiyo; mtu na hitilafu ya mwili wake wakawa neno moja. Kwa kuwa ngeli hiyo hubeba vitu, na pia hutumika kudunisha kama katika kijitu, wanaharakati na wanaisimu wengi waliona kwamba majina hayo yanamshusha mtu hadi kuwa kitu. Likaja mlemavu, lililomweka mtu katika ngeli ya A-WA, kisha mtu mwenye ulemavu, linalotanguliza utu. Kwa njia hiyohiyo zeruzeru liliachiwa nafasi mtu mwenye ualbino. Badiliko hili lilipata uzito wa pekee Tanzania, ambako mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino yalionesha kwamba mtu aliyekwisha kuitwa kiumbe wa ajabu ni rahisi kutendwa kama asiye mtu.

Hata hivyo, hoja ya ngeli ina mipaka. Kiongozi, kijana, kinyozi na kiumbe ni majina ya KI-VI, na hakuna anayehisi kwamba kiongozi amedunishwa na kiambishi. Aidha, sarufi sanifu haisemi “kipofu kimefika” bali “kipofu mwerevu amefika”. Upatanisho humrudisha mtu katika hadhi ya viumbe hai hata kama umbo la nomino linabaki. Kwa upande mwingine, jina jipya kama asiyeona linamtambulisha mtu kwa kitendo asichoweza kukitenda.

Majina ya vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe yanaonesha kwamba safari hii haina mstari mmoja. Tanzania ina Chama cha Walemavu (CHAWATA), Chama cha Viziwi (CHAVITA), na Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu (SHIVYAWATA). Majina hayo matatu yanaweza kusomwa kama historia fupi ya istilahi. Viziwi hawakulikimbia neno la KI-VI. Wamelishika kama jina la jamii yenye lugha yake. Funzo la historia hii ni kwamba heshima haikai katika kiambishi peke yake. Hukaa katika nani anaita, kwa kusudi gani, na ndani ya kisa gani.

6.0 Wimbo wa Sakima: jina sahihi, mwisho wa zamani

Mfano wa kufaa katika Kiswahili ni Wimbo wa Sakima, hadithi ya Ursula Nafula yenye picha za Peris Wachuka, iliyotolewa na African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi hiyo inapatikana bila malipo katika lugha nyingi, jambo linaloifanya iwafikie watoto ambao wazazi wao hawawezi kununua kitabu.

Sakima ni mtoto aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya kuugua akiwa na umri wa miaka mitatu. Wazazi wake ni vibarua wa tajiri ambaye familia inaishi katika ardhi yake. Sakima huketi na wazee na kuzungumza nao mambo mazito, na humtuliza mdogo wake kwa nyimbo njaa inapomuuma. Mtoto wa tajiri anapopotea, Sakima anaomba kwenda kumwimbia tajiri huyo ili kumfariji. Mdogo wake anamwongoza njia. Mfanyakazi mmoja anamdhihaki, lakini wimbo unamgusa tajiri hata anaomba uimbwe tena. Mara mtoto aliyepotea analetwa akiwa amejeruhiwa. Kwa shukrani, tajiri anampeleka mwanawe hospitali pamoja na Sakima, ili Sakima aweze kuona tena.

Karibu kila ukurasa wa hadithi hii unampa Sakima kile ambacho Comenius hakumpa mtu wake. Ana akili, ana uamuzi, ana kipaji ambacho si ajabu ya kutisha bali ni faraja. Anatenda kabla ya kuombwa. Hata ushujaa wake si wa kuokoa kijiji. Ni wa kukaa na mtu mwenye huzuni. Dhihaka inatoka kinywani mwa mhusika ambaye kisa chenyewe kinamsuta. Kwa kipimo cha majina na heshima, hadithi inapita.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorudi kwa Clara. Hadithi haisemi kama Sakima alipona, lakini inafunga kwa safari ya kuponywa, na msomaji mdogo huondoka na matumaini hayo. Tena, tiba inakuja kama zawadi ya tajiri. Upofu unageuka kuwa deni ambalo mwenye fedha anaweza kulilipa, huku hali ya wazazi, nyumba yao na mshahara wao ikibaki vilevile. Jambo lililomfanya Sakima awe Sakima, yaani kusikia nyimbo ndani ya kichwa chake, linasahauliwa mlangoni mwa hospitali. Hakuna ubaya kwa mtoto kutibiwa. Upofu mwingi unatibika, na mzazi yeyote angetamani hivyo. Tatizo linaanza pale ambapo tiba inakuwa ndiyo njia pekee ya kuifanya hadithi iishe kwa furaha. Mtoto asiyeweza kutibiwa anapoisikiliza, anajifunza kwamba furaha ya mwisho haikuandikwa kwa ajili yake.

7.0 Hujafa hujaumbika

Fikra ya wasemaji wa Kiswahili ina msingi mwingine wa kusimulia. Methali isemayo “Hujafa hujaumbika” hutumiwa kwa kawaida kumkanya anayemcheka mwenye kilema, na ndani yake mna onyo: nawe yaweza kukufika. Lakini maana yake ya ndani ni pana kuliko onyo. Inasema kwamba hakuna mwili uliokamilika; kila mtu yumo katika kuumbwa hadi siku ya kufa. Kwa mtazamo huo mwili wenye ulemavu si kosa linalosubiri kusahihishwa, wala si mzigo unaohitaji kulipiwa kwa ushujaa. Ni hali mojawapo ya kuwa mtu.

Hadithi iliyojengwa juu ya msingi huo ingekuwa na mhusika ambaye yumo tu. Mtoto anayetumia fimbo nyeupe angegombana na dada yake kuhusu kipande cha muhogo. Msichana kiziwi angekuwa ndiye aliyevunja chungu cha bibi na kukana. Wangekuwa na haki ya kukosea, kuchekesha na kuchoka. Haki hiyo ndiyo ambayo muujiza na ushujaa vyote viwili huwanyima.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa inaonesha hatua nne: mtu wa kutazamwa, mtu wa kuponywa au kuogopwa, mtu wa kushangiliwa, na mtu anayetajwa kwa heshima. Hatua ya tano, ya mtu anayeishi tu ndani ya hadithi, bado ni changa. Mapendekezo manne yanatokana na hoja hii.

Kwanza, taasisi za mitaala, kama KICD ya Kenya, TET ya Tanzania, NCDC ya Uganda na REB ya Rwanda, ziongeze katika vigezo vya ithibati maswali matatu kuhusu msuko na picha. Je, mhusika mwenye ulemavu anataka kitu kingine zaidi ya kupona? Je, anakubaliwa kabla ya kufanya jambo kubwa? Je, anaonekana pia katika kurasa ambazo ulemavu si mada?

Pili, hadithi zilizopo hazihitaji kuondolewa rafuni. Leseni huria za mikusanyo kama African Storybook huruhusu hadithi kurekebishwa kwa kumtaja mwandishi wa asili. Vyuo vya ualimu vinaweza kuandaa toleo la Sakima lenye mwisho mwingine, kisha walimu wakawapa wanafunzi miisho yote miwili wailinganishe.

Tatu, kitabu kinachomwonesha mtoto asiyeona au kiziwi kitolewe pia katika umbo analoweza kulisoma. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, umeondoa sehemu kubwa ya kikwazo cha hakimiliki kwa wasomaji wasioona katika nchi zilizojiunga nao. Kwa watoto viziwi, video za lugha ya alama zinahitaji bajeti yake, na bajeti hiyo iwekwe wakati kitabu kinapoagizwa.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu istilahi pamoja na vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe. Leo kinachoitwa lugha ya alama Tanzania huitwa lugha ishara Kenya, na nukta nundu ya upande mmoja ni breli ya upande mwingine. Kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2021, vitabu vitavuka mipaka zaidi, na majina haya yatavuka navyo. Kazi hiyo ya majina ni ya lazima, lakini iende sambamba na kazi ya visa. Wizara inayonunua hadithi kwa ajili ya madarasa ya awali hununua pamoja nazo jibu ambalo mtoto mwenye ulemavu atapewa kuhusu nafasi yake, na jibu hilo humfikia kwa picha na kwa mwisho wa kisa kabla hajajua kusoma jina lake.